Bomu lililofukiwa ardhini: droni inaona nini hasa?

Wiki iliyopita, kipindi cha asubuhi kilipoisha, uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee mmoja wa Tandahimba. Alikuwa anaongea taratibu, nyuma yake jogoo anawika. Alisema amesikia kwamba siku hizi kuna ndege ndogo zisizo na rubani, hizi tunazoziita droni, zinazopiga picha kutoka juu na kuona mabomu yaliyofukiwa ardhini. Halafu akauliza: “Kama ni kweli, mbona bado watu wanapiga magoti na vyuma vyao, na wengine wanatumia panya? Si wairushe hiyo ndege siku moja, watuambie hapa lima na hapa usilime?”

Shikamoo mzee. Nilikuahidi hewani kwamba nitakujibu kwa maandishi, maana dakika tatu za kipindi hazitoshi.

Kwa sisi tunaoishi karibu na mto Ruvuma, swali hili si la mbali. Ng'ambo ya mto ni Cabo Delgado, na wengi wetu tuna shangazi, shemeji au wajukuu kule. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianzia upande huo mwaka 1964, na jeshi la Wareno lilifukia mabomu kujaribu kuwazuia wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakivuka kutoka huku kwetu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 amani haikukaa. Mwaka 1977 vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1992, na mabomu mengine yakaongezwa karibu nchi nzima. Kazi ya kuyaondoa ilianza miaka ya 90 mwanzoni, na Msumbiji ikatangaza Septemba 2015 kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu yamesafishwa. Hesabu mwenyewe: vita viliisha 1992, mashamba ya mwisho yakaachiwa 2015. Mtoto aliyezaliwa siku ya amani alikuwa tayari mtu mzima.

Kwa hiyo mzee akiuliza kwa nini haiendi haraka, ana haki.

Kwa nini ni vigumu kulipata

Bomu la kutegwa ardhini la kumlenga mtu ni kitu kidogo. Aina moja iliyosambaa sana duniani, PMN ya Kirusi, upana wake ni kama sentimeta 11, sawa na kisosi cha chai. Nyingine ni ndogo zaidi, zinatosha kwenye kiganja. Hazifukiwi chini sana, kwa sababu bomu likiwa chini sana mguu hautaliamsha. Mara nyingi ni sentimeta chache tu, kina ambacho jembe la mkono linafika bila shida.

Nyingi ganda lake ni plastiki. Ndani kuna baruti na vipande vichache vya chuma, pengine pini na springi basi. Mtegua mabomu anapopitisha mashine ya kutambua chuma, inabidi aiweke iwe na masikio makali sana ili isikie hiyo springi. Ikishakuwa na masikio makali hivyo, inalia kwa kila kitu: msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi, waya wa uzio wa zamani. Na kila inapolia, mtu anapiga magoti na kuchimba kwa uangalifu kama anatoa yai chini ya kuku anayeatamia. Kwa siku nzima anaweza kupata misumari mitupu.

Ndiyo maana watafiti walianza kuuliza swali kwa namna nyingine. Bomu lenyewe hatulioni. Je, alama aliyoiacha aliyelifukia?

Udongo uliochimbwa haufanani na ambao haujachimbwa

Hapa mkulima anaelewa kuliko mtu wa mjini. Wewe unajua ukipita porini ukaona mahali pamechimbwa. Labda ni kina mama wamechimba ming'oko, labda vijana wamechimba panya. Hata wakirudishia udongo unajua. Rangi ni tofauti, umeumuka kidogo, majani yamelala vibaya. Kamera zinazotafuta mabomu zinafanya kazi hiyo hiyo, ila zinaona mambo ambayo jicho halioni.

Jambo la kwanza ni hewa. Udongo uliokaa miaka umeshikana. Ukiuchimba na kuurudishia unabaki tifutifu, una hewa katikati ya chembe, na hewa haipitishi joto vizuri. Jua likiwaka, joto linabaki juu juu, na uso wa pale unakuwa wa moto kuliko pembeni. Usiku pale pale panapoa haraka, kwa sababu joto la chini linapanda kwa shida. Aliyewahi kukatiza peku shamba lililolimwa jana, saa saba mchana, kisha akaingia kwenye njia iliyokanyagwa, anaijua tofauti hiyo kwa nyayo.

La pili ni unyevu. Udongo wa chini ukitolewa juu huwa una maji zaidi, ni mweusi, na siku ya kwanza unakuwa wa baridi kwa sababu maji yanakauka. Baadaye unakauka kuliko wa jirani, na mambo yanageuka.

La tatu ndilo lililonishangaza nilipokuwa nasoma kuandaa makala hii. Kwenye ardhi ya kichanga ambayo haijaguswa, mvua na upepo vimeshaosha vumbi laini, juu zimebaki chembe safi za mchanga. Ukichimba, vumbi la chini linakuja juu na kuzipaka zile chembe, kama mahindi yaliyokwishapepetwa yakimwagiwa tena pumba. Jicho halioni kitu. Lakini mchanga hutoa mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na kuna sehemu ya mwanga huo ambapo chembe safi na chembe zenye vumbi zinatofautiana waziwazi. Kamera maalumu inayosoma sehemu hiyo inaweza kuonyesha kidoa pale palipochimbwa.

Halafu kuna bomu lenyewe. Plastiki na baruti hazipitishi joto kama udongo. Mchana joto la jua linashuka ardhini, linafika juu ya bomu, linakwama, na udongo ule mwembamba wa juu unapata moto kupita kawaida. Usiku joto la chini linataka kupanda, linazuiwa na bomu, na juu panakuwa baridi kupita kawaida. Tofauti inaweza kuwa digrii moja au mbili, pengine chini ya hapo. Mkono wako hauwezi kuihisi, lakini kamera nzuri ya joto inasoma hata sehemu ya kumi ya digrii.

Kwa hiyo alama ni mbili, na naomba tuzitofautishe kwa sababu jibu la mzee limejificha humo. Moja ni jeraha la kuchimba. Nyingine ni kitu kilicholala chini kinachozuia joto.

Nilijaribu mwenyewe nyuma ya nyumba ninayopanga, bila bomu bila shaka. Nilichimba mashimo mawili ya kina cha vidole vinne. La kwanza nikaweka mfuniko wa ndoo ya plastiki, la pili sikuweka kitu, nikarudishia udongo yote mawili. Mama mwenye nyumba aliniuliza ninaotesha nini. Siku ya kwanza mashimo yalionekana wazi, na yalifanana kabisa: lenye mfuniko na lisilo na kitu hayakuwa na tofauti yoyote kwa macho. Wiki haikuisha, ikanyesha mvua ya usiku mmoja. Asubuhi ilibidi nitafute kijiti nilichochomeka ndipo nijue nilichimba wapi.

Chad: mahali ambapo imefanya kazi

Mfano mzuri wa kamera hizi uko kaskazini mwa Chad, kwenye jangwa, karibu na mji wa Faya-Largeau. Katika miaka ya 80 Libya na Chad zilipigana kule. Libya ilijenga kituo kikubwa cha ndege za kivita Ouadi Doum na kukizungushia mabomu ya ardhini. Chad ilikiteka Machi 1987, Walibya wakaondoka, mabomu yakabaki mchangani.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, shirika la Humanity & Inclusion, ambalo wengi walilifahamu kwa jina la zamani la Handicap International, lilipeleka droni huko. Kuanzia mwaka 2019 walirusha kwanza droni zenye kamera za kawaida kutengeneza ramani za maeneo ambayo gari haliwezi kuingia. Kisha wakafunga kamera za joto. Picha zikaonyesha vidoa, na vidoa hivyo vilikuwa mabomu yaliyofukiwa, kwenye uwanja halisi wa mabomu na siyo kwenye majaribio ya chuoni.

Sasa utauliza: jeraha la kuchimba la mwaka 1987 linabakije hadi leo? Halibaki. Kule kinachoonekana ni ile alama ya pili, bomu kuzuia joto. Na jangwa linaisaidia kamera kwa kila namna. Hakuna majani wala kivuli cha mti, mchanga ni mkavu karibu mwaka mzima, mchana joto ni kali na usiku baridi ni kali, kwa hiyo tofauti inakuwa kubwa. Tena majeshi mara nyingi hufukia mabomu kwa mistari. Kidoa kimoja peke yake kinaweza kuwa jiwe, lakini vidoa 20 vilivyopangana kwa hatua sawa, hilo si jiwe.

Hata hivyo, hata jangwani saa ya kurusha ina maana kubwa. Asubuhi, pale ardhi inapotoka kwenye baridi ya usiku kwenda kwenye joto la mchana, kuna muda ambapo juu ya bomu na pembeni joto linalingana kabisa. Jioni inatokea tena. Ukipiga picha wakati huo, uwanja wote ni safi kwenye skrini, na bomu liko pale pale. Rubani asiyejua hilo anaweza kurudi na habari njema ya uongo.

Kuna mabomu mengine ambayo hayafukiwi, yanamwagwa kutoka angani na kulala juu ya ardhi. Moja linaitwa PFM-1, dogo la plastiki lenye umbo la kipepeo, ambalo watoto wa Afghanistan waliliokota wakidhani ni mwanasesere. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, wameonyesha kwamba droni yenye kamera ya joto inaweza kuyaona haya kwa sababu yanapata joto na kupoa tofauti na mawe yaliyo jirani. Hiyo ni kazi rahisi kidogo, maana bomu liko juu.

Sasa lete droni hiyo Cabo Delgado

Au ilete Newala, kama zoezi tu. Chini ya mikorosho kuna kivuli na majani makavu. Kamera ya joto haipenyi majani. Inasoma joto la jani la juu, siyo la udongo. Porini kuna nyasi zinazofika kifuani. Ukizikata ili kamera ione, inabidi aliyekata awe ameshaingia, na hilo ndilo tulilokuwa tunaogopa.

Mvua nayo. Kwetu masika moja inatosha kuosha vumbi lote, kulainisha pale palipoumuka na kuotesha majani. Jeraha la kuchimba linapona. Bomu la miezi miwili iliyopita kwenye barabara ya vumbi linaweza kuacha alama. La miaka 40 iliyopita chini ya kichaka, alama ya kuchimba imekwisha zamani. Na udongo wenye maji unasawazisha joto, kwa hiyo hata alama ya pili inafifia.

Halafu fikiria ni vitu vingapi vinachimba ardhi ya kwetu. Kuna mchwa, fuko, muhanga na nguruwe pori. Kuna watoto wanaotafuta panya baada ya mavuno. Kina mama wanachimba ming'oko wakati wa kiangazi, matuta ya mihogo yamevunwa nusu, visiki vimeng'olewa. Kila kimoja ni udongo uliochimbwa. Droni ikirudi na vidoa elfu moja, na 990 kati yake ni ming'oko na panya, umemsaidia mtegua mabomu au umempa misumari mingine?

Hapo ndipo shimo langu lisilo na kitu linapoingia. Udongo uliochimbwa unasema hapa pamechimbwa. Hausemi kuna nini.

Kuhusu setilaiti, nitapita haraka. Kuna watu wanaamini setilaiti inaona kila kitu hadi namba ya baiskeli. Picha za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bure, nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Ndani ya nukta moja unaingia uwanja wa nyumba yako na banda la kuku. Bomu la sentimeta 11 halina nafasi hapo. Zipo setilaiti za rada ambazo hulinganisha picha za siku mbili tofauti na kuonyesha ardhi iliyovurugwa katikati, na zinasaidia kujua jeshi limechimba mahandaki wapi au barabara ipi imeachwa kutumika ghafla. Barabara iliyoota majani wakati pembeni yake watu wamekanyaga njia mpya, hiyo ni habari kubwa kwa mtegua mabomu. Lakini ni habari ya eneo tu, bomu moja moja halionekani.

Basi faida yake ni nini?

Ipo, na ni kubwa, ila siyo ile mzee aliyoifikiria. Tatizo kubwa la kazi hii ni kwamba eneo linaloogopwa huwa kubwa kuliko eneo lenye mabomu. Bomu moja likilipuka, kijiji kinaacha bonde zima. Watu wanaweza kukimbia ekari 100 kwa sababu ya mstari mmoja wa mabomu pembeni. Wategua mabomu wakianza kupekua zote 100 kwa magoti, itapita miaka. Droni ikionyesha mahandaki ya zamani yalikuwa wapi, mashimo ya milipuko, mistari ya vidoa, wanajua waanzie wapi. Picha hizo zinaunganishwa na maneno ya wazee wanaokumbuka askari walikaa wapi, na ng'ombe wa nani alikufa wapi. Mimi ningesema kumbukumbu za wazee zina thamani sawa na kamera, na hazihitaji kuchajiwa.

Baada ya hapo lazima kitu kiguse ardhi. Mashine ya chuma, rada ya kusukumwa inayotazama chini ya udongo, mbwa, au panya.

Na panya hao ni wa kwetu. Shirika la APOPO liko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, na linafundisha panya buku kunusa baruti. Panya hajali msumari, ananusa baruti yenyewe. Ni mwepesi kiasi kwamba hawezi kulipua bomu akipita juu yake. APOPO wanasema panya mmoja anamaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye mashine ya chuma anaweza kuifanya hadi siku nne. Walifanya kazi Msumbiji. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na milipuko zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022, kwa uzee.

Kwa hiyo mzee, ndege inasema “anzieni hapa”. Haiwezi kusema “hapa lima”. Kamera isipoona kitu, sababu inaweza kuwa hakuna kitu. Inaweza pia kuwa nyasi, mvua ya juzi, au saa mbaya ya kurusha. Anayekula hasara ya kosa hilo siyo aliyeshika rimoti, ni mwenye jembe.

Kama una ndugu ng'ambo, au mahali popote palipopiganwa, na mtu akawaambia shamba limepigwa picha na ni salama, mwulize maswali haya. Je, kuna aliyeingia na mashine, mbwa au panya baada ya picha? Walishuka kina gani? Mipaka ya eneo lililosafishwa ni ipi, kutoka mti gani hadi mti gani? Iko wapi karatasi ya makabidhiano? Shamba likishasafishwa huwa kuna hati ya kulikabidhi, na uongozi wa kijiji una haki ya kuiona.

Na ukikutana na kitu usichokielewa, kiwe kimefukiwa nusu au kimelala juu, usikiguse, usikirushie jiwe, usichome moto majani ili ukione vizuri, na usikipime uzito kwa ajili ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Simama. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako zile zile. Weka alama mbali nacho, kijiti au kitambaa, uwazuie watoto, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji au piga polisi 112.

Mzee alituma ujumbe wa pili jana usiku. Anasema shemeji yake aliambiwa mwaka ule kwamba shamba limeshakuwa salama, lakini hakuamini hadi alipowaona wale wategua mabomu wenyewe wametembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila vifaa. Kesho yake akapanda mihogo.